Mkono Uliokuwa Kwenye Kamba

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Shangazi anastaafu baada ya kulitumikia jumba letu la maigizo kwa miaka thelathini na saba na miezi minne. Hiyo miezi minne ameisisitiza mwenyewe. Nilipomweleza kwamba kwenye jarida letu la wafanyakazi huwa tunaandika miaka tu, alinitazama juu ya miwani, akasema kwamba katika miezi ile alishona vifungo zaidi ya mia mbili, na kama nataka kuifuta basi nianze kwa kuving'oa.

Wengi wenu mnamjua kwa jina hilo tu. Alilipata akiwa na miaka ishirini na mitatu, wiki yake ya kwanza kazini, kwa kuwagombeza waigizaji walioweza kumzaa ambao walikuwa wamekaa sakafuni na maleba ya kifalme mwilini. Mmoja alilalamika kwamba binti huyu anasema kama shangazi yake. Asubuhi iliyofuata nusu ya jumba walikuwa wanamwamkia, "Shikamoo, Shangazi."

Mkurugenzi amenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, nimefanya kazi na Shangazi kwa miaka ishirini na minane. Ya pili, kila mwingine aliyeombwa alipata homa. Ofisi ya utumishi ikanisaidia kwa karatasi yenye mistari tisa: tarehe, vyeo, uhamisho. Mstari wa nne unasema: "Aliondolewa kwenye kamba kwa kosa la uzembe, akahamishiwa utunzaji wa funguo."

Nimeagizwa niandike kwa uchangamfu, na nitajitahidi, maana maisha ya mama huyu yana mengi ya kuchekesha. Lakini mstari wa nne ni uongo, na nisingependa aondoke nao. Najua ni uongo kwa sababu niliutunga mimi.

Tuanze na cherehani. Miaka mitano ya mwanzo Shangazi alikuwa chumba cha maleba, pale chini kwenye ngazi ya chuma, penye dirisha dogo linalotazama miguu ya wapita njia. Siku moja, katikati ya onyesho, suruali ya mfalme ilipasuka nyuma kutoka kiunoni hadi karibu na goti, naye amesimama mbele ya raia zake wote na watazamaji mia nne. Shangazi alitambaa kwa magoti nyuma ya kiti cha enzi na sindano mdomoni, akaanza kushona. Ilibidi mfalme asisogee, na ili asisogee ilibidi aendelee kuhukumu. Aliwafunga watu watatu ambao mwandishi wa mchezo hakuwa na ugomvi nao. Gazeti la kesho yake lilisifu "utulivu wa kutisha wa mfalme". Mwigizaji alilikata akalibandika ukutani. Shangazi alibandika kipande cha uzi chini yake.

Kisha akapewa kamba.

Kwa wageni wa sherehe watakaosoma karatasi hii: pazia letu bado linavutwa kwa mkono. Ni zito kama madeni ya ukoo. Linaning'inia kwa kamba nene inayopita kwenye magurudumu ya dari na kusawazishwa na mifuko ya mchanga, na mtu mmoja tu, aliyesimama upande wa kulia wa jukwaa, ndiye anayelipandisha na kulishusha. Mtu huyo haoni mchezo. Anaona ukuta, kamba, na balbu moja nyekundu. Balbu ikiwaka, anashika kamba na kujiandaa. Ikizimika, anashusha. Haulizi, hachungulii. Anayewasha na kuzima ni msimamizi wa jukwaa, aliyekaa meza ya upande wa pili na kitabu cha ishara mbele yake, ambamo mchezo wote umeandikwa pamoja na kila taa, kila mlio na kila pazia.

Juu ya kamba kuna boriti, na kwenye boriti kuna desturi ya zamani kuliko sisi sote. Mtu akimaliza mwaka mzima bila pazia kuanguka vibaya, jina lake la kazini linachorwa pale kwa rangi nyeupe. Majina ya juu kabisa ni ya watu waliovuta kamba enzi za taa za mafuta. Ni boriti iliyojaa vumbi, wala hakuna mtazamaji anayeiona, lakini nimeona wanaume wazima wakisimama chini yake kama wanasalimia wakwe.

Aliyempa Shangazi kamba alikuwa msimamizi wa jukwaa wa wakati huo, Mzee Filimbi. Tulimwita hivyo kwa sababu alining'iniza filimbi shingoni miaka yote na hakuna aliyewahi kuisikia. Alisema jumba la maigizo ni mahali pa kunong'ona. Mafundi walinung'unika. Walisema kamba ile itamnyanyua. Kwa kweli ilimnyanyua. Siku ya kwanza ya mazoezi ilimpandisha kiasi cha shibiri mbili kutoka sakafuni, akabaki ananing'inia mbele ya watu wote. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya, tumejuana," akasubiri ashushwe. Siku ya pili alikuja amefunga mifuko midogo miwili ya mchanga kiunoni, ndani ya gauni, na kuanzia hapo kamba ikashika adabu. Mwaka ulipoisha, jina lake likachorwa kwenye boriti. Mzee Filimbi alilichora kwa mkono wake, herufi nane, akasimama nyuma kulitazama na kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayepima picha ya mwanawe.

Alivuta kamba miaka sita. Mimi nilifika katika mwaka wake wa nne pale, nikiwa msaidizi wa meza ya ishara, mwembamba, mjuaji, na mlaji asiyechagua mahali. Kila Jumatatu, jumba likiwa limefungwa, Mzee Filimbi alikaa na Shangazi kwenye meza ile akimfundisha kusoma kitabu cha ishara. Mzee alikuwa amebakiza chini ya mwaka kustaafu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa anamwandaa nani.

Sasa tufike Jumamosi ile.

Ilikuwa alasiri, maadhimisho ya kuzaliwa kwa jumba, na viti vyote vimejaa wageni waalikwa. Mchezo ulikuwa mpya. Ulihusu mama anayesubiri barua ya mwanawe kwa maonyesho matatu. Watu wanaingia, watu wanatoka, mama anasubiri. Mwisho kabisa barua inafika, anaifungua, anaisoma kwa sauti, na anapomaliza neno la mwisho pazia linashuka. Kwa hiyo mtazamaji anakaa saa mbili na nusu kwa ajili ya ukurasa mmoja. Mama aliigizwa na mwigizaji wetu mkubwa tuliyemwita Malkia, ambaye aliufanyia mazoezi ukurasa huo wiki sita.

Mzee Filimbi siku hiyo alitakiwa akae mbele na wageni. Akaniachia meza, kwa mara ya kwanza peke yangu. Akaniambia, "Mwanangu, ukurasa mmoja mmoja. Usikimbie." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nami kwa kutokuwa na wasiwasi nikaja mezani na mkate wa jemu.

Tulikuwa na sheria ya kutokula mezani, nami niliiona ni sheria ya wazee. Katika onyesho la pili tone la jemu likadondoka kwenye kitabu. Nililifuta kwa kidole gumba, nikakilamba, nikaendelea. Sikuona kwamba tone jingine limeingia katikati ya karatasi mbili.

Basi tukafika mwisho. Barua ikaletwa. Malkia akaishika, na ukumbi mzima ukainamia mbele. Kitabu kikasema: washa balbu. Nikawasha. Ng'ambo ya jukwaa Shangazi akashika kamba. Nikafunua ukurasa, na kwa kuwa karatasi zimegandana, nikairuka barua yote kwa mpigo mmoja. Ukurasa ulio mbele yangu ukasema: zima, pazia. Nikazima.

Shangazi alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Balbu ilizimika, akashusha. Pazia lilimwangukia Malkia mbele ya pua akiwa ameingiza kidole kwenye bahasha, hajatamka hata neno moja.

Kwanza watazamaji walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Kisha mmoja akacheka roshani, na kicheko kikashuka ngazi. Ndipo siku hiyo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, tukasikia filimbi ya Mzee. Alikuwa amesimama katikati ya wageni wake akiipuliza, sijui kwa nini, nadhani hata yeye hakujua.

Nyuma ya pazia tulijikusanya wote. Malkia alikuwa analia kwa hasira, bahasha bado imo kidoleni. Mzee Filimbi alifika anahema, akaenda moja kwa moja kwenye kamba.

"Balbu imezimika, mzee," Shangazi alisema. "Imezimika, nimeshusha."

Mzee akanigeukia mimi. "Umeizima?"

Nikatikisa kichwa.

"Nataka kusikia sauti. Umeizima?"

"Sijaigusa, mzee."

Fundi mmoja akasema si tulisema. Mwingine akasema mikono ya mwanamke huchoka, si dhambi, ndivyo alivyoumbwa. Shangazi aliwapa mgongo hao. Alikuwa ananitazama mimi. Kidole gumba bado kilinata jemu, nami nilikuwa nimekizamisha kidole mfukoni kana kwamba ndicho kilichosema uongo.

Nimekuwa nikijieleza tangu siku ile. Nilikuwa kijana; niliogopa; nilidhani yatapita. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalonisaidia. Nilikuwa na Jumapili nzima ya kwenda nyumbani kwa Mzee kusema. Niliitumia kufua nguo.

Jumatatu Mzee Filimbi alipanda ngazi na kopo la rangi nyeusi, akalifunika jina la Shangazi kwenye boriti. Hakumruhusu mtu mwingine amfanyie. Shangazi alipewa funguo za jumba, arobaini na moja, kwenye pete kubwa kama bangili ya jitu. Miezi minane baadaye Mzee akastaafu, na kwa kuwa nyuma ya jukwaa hakuna mwingine aliyebaki anayejua kitabu cha ishara, nikapewa mimi meza. Niko hapo hadi leo. Wale vijana mnaonicheka kwa kubandika matangazo matatu ya "Marufuku kula hapa" kwenye meza moja, na mnaosema natafuta chembe za mkate kama polisi, sasa mnajua.

Mzee Filimbi aliishi miaka tisa baada ya kustaafu. Alipougua, Shangazi alimtembelea kila Jumapili na machungwa. Mzee alimuuliza habari za funguo, za mlango wa nyuma unaokwama, za paka wa bohari. Habari za kamba hakuuliza. Alikufa akiamini kwamba mtu aliyemwamini kuliko wote alimwangusha. Hilo siwezi kulirekebisha kwenye jarida wala mahali popote.

Turudi kwa Shangazi, maana hii ni sherehe yake, na tayari nimekula nafasi kubwa kuliko mkate.

Mtu mwingine angepewa funguo akazitumia kufungua na kufunga. Shangazi alianza kwa kuwaonyesha wageni chooni. Watu waliingia kutoka mtaani kuulizia tiketi, wakaomba msalani, na kwa kuwa njia ya msalani inapita nyuma ya jukwaa, alikuwa akiwaeleza njiani: hili ni bati la radi, ukilitikisa mvua inanyesha, huu mlango umechorwa tu, usigonge, taji hili ni kopo la biskuti, tazama ndani bado pameandikwa uzito. Wageni wakawa wanasahau haja iliyowaleta. Wakarudi na ndugu zao. Baada ya mwaka kulikuwa na foleni kila Jumanne na Alhamisi, na msalani hakuna mtu. Ziara za jumba letu, ambazo sasa zimo kwenye kila tangazo la mji, hazikuanzishwa na kamati yoyote. Zilianzishwa na mama mmoja aliyekuwa amenyang'anywa kazi yake.

Alikusanya michezo yote iliyowahi kuchezwa hapa. Alipekua bohari, akapanga vitabu vya ishara kwa miaka, akashona maleba yaliyoliwa na nondo, akawatafuta waigizaji wazee majumbani kwao kuwauliza nani alisimama wapi. Anajua kiti cha roshani alichokalia bibi mmoja kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mbili, na kwamba bibi huyo aliwahi kusimama kumwonya msichana wa kwenye mchezo kuhusu mchumba wake, na msichana akamjibu, "Asante, mama, nami nilikuwa namshuku." Anajua mwaka ambao theluji ya jukwaani ilitengenezwa kwa programu za zamani zilizochanwa, hata shujaa akafa amebandikwa picha yake mwenyewe shavuni.

Baraza la mji lilipotaka kuligeuza jumba kuwa ghala la samani, wengine tuliandika barua za masikitiko. Shangazi alichukua vitabu vya wageni, kumi na vinne, akaviweka mezani kwa mwenyekiti kimoja baada ya kingine, taratibu, akasema atasubiri wavisome. Mwenyekiti alifika kitabu cha tatu akakuta sahihi ya mama yake mzazi. Ghala likatafutiwa mahali pengine.

Mimi ziara yake sikuwahi kuifuata hadi mwisho. Nilikuwa napita na ngazi au waya begani, nasikia kipande, nacheka, naendelea. Kipande nilichokuwa nakisikia mara nyingi ni cha kamba, kwa kuwa pale ndipo ninapopita. Huwasimulia wageni habari za pazia lililoshuka kabla ya barua kusomwa, wanacheka, kisha huinua mkono wake wa kulia na kusema, "Na mkono uliokuwa kwenye kamba ni huu." Kwa miaka yote hiyo niliamini amekubali kwamba alikosea. Ilinipunguzia mzigo sana. Nilikuwa nacheka pamoja na wageni.

Wiki iliyopita, ili niandike wasifu huu, nilijiunga na kundi la walimu wastaafu kumi na wawili, nikaifuata ziara kuanzia dirisha la tiketi. Shangazi aliponiona alisema, "Leo tuna mgeni kutoka mbali. Ametembea hatua hamsini kwa miaka ishirini na minane." Walimu wakacheka. Nikacheka.

Pale kwenye kamba alisema maneno yake yale yale. Safari hii nilikuwa nimesimama karibu, bila ngazi, nikayasikia. Mkono uliokuwa kwenye kamba ni huu. Hakusema mkono uliokosea. Nikapiga hesabu ya ziara zote alizofanya, na nikatambua kwamba hajawahi kusema uongo hata siku moja. Uongo ulikuwa unamaliziwa na sisi wasikilizaji.

Mwalimu mmoja, mwanamke mwenye mkoba mkubwa, akamuuliza, "Na walikupa adhabu gani, dada?"

"Walinipa funguo," alisema. "Bila adhabu hiyo, mwalimu, wewe sasa hivi ungekuwa nje unapigwa na jua."

Ziara huishia ghorofani, kwenye kabati la kioo. Ninalijua kabati hilo. Niliwasaidia mafundi kulipandisha ngazi miaka kumi na tisa iliyopita. Kuinama kulitazama ndiko sikuwahi. Watu wa nyuma ya jukwaa hatupendi kushinda mbele, hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ndani kuna taji la kopo, sindano ya mfalme, filimbi, na kitabu cha ishara kimoja, kimefunguliwa. Niliutambua mwandiko. Ulikuwa ukurasa wenye maneno "washa balbu". Chini yake, upande wa kulia, karatasi mbili zimeshikamana, na pembeni pana doa la kahawia lenye alama ya kidole gumba.

"Hizi kurasa mbona zimegandana?" mwalimu wa mkoba akauliza.

"Zilikuwa hivyo nilipozikuta," alisema Shangazi. "Nimeona nisizibandue. Mwenyewe atakuja."

Hakunitazama. Aliwaelekeza walimu kwenye ngazi, akawaambia waangalie kipandio cha saba kinacheza. Walipokwisha kushuka akaanza kufuta kioo kwa kanga yake, na mimi nikabaki nimesimama kama mlango wa kuchorwa.

"Ulijua," nilimwambia.

"Siku ile ile. Balbu ilizimika, mdogo wangu, mimi si kipofu. Kitabu nilikiona baadaye, napanga bohari."

"Kwa nini hukukipeleka kwa Mzee?"

"Mzee alikuwa keshalala kaburini." Alipuliza kioo, akafuta tena. "Na kabla ya hapo nilishasema. Nilisema mbele ya watu wote. Nikiwa na ushahidi nisikilizwe, bila ushahidi niwe muongo? Nilikataa kusema mara mbili."

"Shangazi, mimi..."

"Unaandika wasifu wangu?"

"Naandika."

"Basi usiniambie mimi. Mimi najua."

Kwa hiyo nawaambia ninyi. Shangazi hakuzembea. Katika miaka sita ya kamba hakuangusha pazia vibaya hata mara moja. Balbu niliizima mimi, kabla ya wakati, kwa sababu ya mkate, na nilipoulizwa mara mbili nilikana mara mbili. Meza ninayoikalia ilikuwa yake.

Jumatatu nilikwenda kwa mkurugenzi nikamweleza. Aliusoma mstari wa nne tena na tena. Akasema utafutwa rasmi, kwa barua yenye sahihi yangu, na kwamba habari za cheo changu tutazungumza baada ya sherehe. Ni haki. Kisha akaniuliza kama bado nina nguvu ya kumalizia wasifu, nikasema ndiyo, akaniambia nisisahau mambo ya furaha.

Jambo moja la furaha ni hili. Mchora mandhari wetu amepanda kuiangalia boriti. Anasema ile rangi nyeusi ni rangi ya maji, ya mapambo ya jukwaani, inayotoka kwa kitambaa kibichi. Kopo la rangi ya mafuta lilikuwa kabati lile lile, rafu ya juu yake, na Mzee Filimbi alizijua rangi zake kuliko majina ya wanawe. Sijui la kusema kuhusu hilo. Shangazi nilipomwambia alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Halafu akasema kitambaa nitashika mimi, tena mbele ya watu, na maji yawe safi.

Sherehe ni Ijumaa saa nne asubuhi. Kutakuwa na hotuba tatu, na mbili ni fupi. Baada ya hapo tutacheza ukurasa mmoja tu wa mchezo ule. Malkia, ambaye siku hizi ni bibi wa wajukuu watano na bado hasemi nami, amekubali kukaa tena kwenye kiti chake na kuifungua bahasha. Nimezibandua zile karatasi kwa mvuke wa birika. Barua iko salama, neno kwa neno. Ni nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Kamba atashika Shangazi.

Akitoka hapo, anasema, atalala hadi saa tatu asubuhi kwa mwezi mzima. Kisha atanunua tiketi, akae roshani kwenye kiti cha yule bibi wa Jumamosi, aone mchezo kutoka mbele kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ametuonya kwamba ataongea na waigizaji.

Shangazi, kwa vifungo, kwa wafungwa watatu wa mfalme, kwa mapazia yote yaliyoshuka kwa wakati wake, na kwa milango yote uliyotufungulia, wenzako wa jumba hili tunakushukuru. Nenda ukapumzike, uishi miaka mingi yenye afya, na nyumba yako isikose mgeni wala kicheko. Samahani yangu nakuletea Ijumaa, pamoja na kitambaa.

Mezani nitakuwa mimi, kwa mara ya mwisho pengine, mikono imeoshwa, nikifunua ukurasa mmoja mmoja. Balbu ikiwaka, shika kamba. Ikizimika, shusha. Na ikizimika mapema, Shangazi, safari hii ukumbi mzima utajua wa kumtazama.